Chama cha Wanahistoria wa Sanaa, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ameyaandika katibu, yaani mimi, nikiwa katika muhula wangu wa pili. Mengi nimeshayajibu kwa mdomo: ndani ya daladala ya Mikindani, kwenye benchi nje ya ofisi ya afisa utamaduni, na safari moja msibani huku pilau ikiwa bado jikoni. Nikisema "katiba inataka" ujue ni sheria ya chama. Nikisema "naona" ujue ni mimi tu, na unaweza kunipinga mkutanoni.

Historia ya sanaa ndiyo nini? Si kuchora na kuchonga?

Anayechora ni mchoraji, anayechonga ni fundi. Mwanahistoria wa sanaa ni yule anayekaa mbele ya kazi iliyokwisha kufanywa na kuanza kudadisi: aliifanya nani, lini, kwa mti gani au jiwe gani, ilikuwa ya kufanyia nini, imepita mikononi mwa nani, na kwa nini leo iko hapa ilipo na si pale ilipozaliwa.

Kwa watu wa Kusini maswali haya hayataki safari ndefu. Kilwa Kisiwani una Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, ambako unaona namna mafundi wa karne ya 14 walivyochonga matumbawe yakiwa bado laini, kabla hewa haijayakausha yakawa magumu. Ng'ambo kidogo iko Songo Mnara. Maeneo hayo mawili yaliingia pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa humo mwaka 2014. Mikindani kuna nyumba za mawe na milango ya nakshi. Panda Newala au Tandahimba, uko kwenye uwanda wa Makonde, na hapo sina haja ya kueleza.

Mbona chama tena? Makumbusho ya Taifa ipo, afisa utamaduni yupo.

Wapo, na hatufanyi kitu bila kuwabishia hodi. Ila kazi yao ni kutunza vitu na maeneo. Mwalimu wa sekondari kule Nanyumbu anayeandika habari za vinyago kwa miaka kumi, peke yake, bila mtu wa kumsomea rasimu wala kumwambia hapa umekosea, huyo hana ofisi inayomhusu. Chama ni chake.

Nani anaruhusiwa kujiunga?

Hili ndilo swali lililotugombanisha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Rasimu ya kwanza ya katiba iliandikwa na sisi wenye vyeti. Tukaweka kwamba mwanachama kamili lazima awe na shahada ya sanaa, historia, akiolojia au fani inayokaribiana nazo. Ilionekana safi kwenye karatasi. Siku ya kikao cha waanzilishi mwenzetu mmoja alikuja na kinyago cha zamani alichorithi, akakiweka mezani, tukaanza kubishana. Mmoja anasema cha miaka ya sitini, mwingine anasema cha juzi kimefukizwa moshi. Robo saa nzima. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja fundi kutoka Newala, tuliyemwalika kwa heshima tu, tena kwa kumtumia nauli. Akasimama, akasema, "Wajukuu zangu, nipeni." Hakukitazama usoni. Alikigeuza juu chini, akapitisha dole gumba kwenye kitako, taratibu, kama mtu anayepapasa upele wa mtoto. Akasema: "Huyu alishika tezo kwa kushoto. Kijijini kwetu walikuwa wawili tu, na mmoja hakuchonga watu, alichonga ndege." Akataja jina, na jina la aliyemfundisha.

Kipengele cha shahada tulikifuta alasiri ileile. Sasa katiba inatambua wanachama wa aina tatu:

Mwanachama kamili ni mtu aliyesomea fani hii au jirani yake, au aliyefanya kazi ya kuchunguza na kuhifadhi kumbukumbu za sanaa kwa miaka mitano na anaweza kutuonyesha kazi hiyo. Daftari la mkono linakubalika. Fundi mzee anayethibitishwa na wanachama wawili kwamba anajua historia ya kazi za kwao anaingia hapa, na ana kura.

Mwanachama mshiriki ni mwanafunzi, mwongoza watalii, mpiga picha, mpenzi wa fani. Anahudhuria, anasema, hapigi kura.

Mwanachama wa heshima huteuliwa na mkutano mkuu. Mpaka sasa tumekuwa wachoyo wa heshima hiyo, na naona tuendelee hivyo.

Na wauza vinyago je?

Washiriki, basi. Mwenye duka au dalali anajua mambo mengi kuliko baadhi yetu, lakini ana masilahi kwenye jibu. Akiulizwa kinyago ni cha zamani au cha mwaka jana, mfuko wake unajibu kabla yake. Anaruhusiwa kuingia akiandika wazi kwenye fomu kwamba anauza, na kikao kikijadili kitu alichokiuza yeye anatoka nje. Wawili walikasirika wakaondoka. Mmoja alirudi.

Mlisajili wapi? Sisi wa mkoa mwingine tunataka kuanzisha chetu.

Watu huchanganya milango mitatu.

Kama chama chenu ni cha watu wa taaluma moja, kwa manufaa ya wanachama wenyewe, mlango wenu ni Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Inataka watu kumi au zaidi. Msianze na kumi kamili: mmoja akihama, mmoja akisusa, mmefika nane. Kama lengo ni kuhudumia umma, mathalani mradi wa kufundisha watoto uchongaji kwa fedha za wafadhili, huo ni ulimwengu wa mashirika yasiyo ya kiserikali, wenye msajili wake na sheria yake, Namba 24 ya mwaka 2002. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 mipaka kati ya makundi haya imekazwa, kwa hiyo ule mtindo wa kusajili popote penye foleni fupi hautawasaidia.

Mlango wa tatu ni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Huo ni wa wasanii na shughuli za sanaa, kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Mafundi wetu tunawahimiza wajisajili huko kama wasanii, lakini usajili wao wa BASATA haugeuzi chama cha wanahistoria kuwa jumuiya.

Kosa letu wenyewe: maombi yetu ya kwanza yalirudi kwa sababu katiba haikusema mali za chama zitakwenda wapi kikivunjwa. Tulikuwa hatuna mali hata moja, isipokuwa mhuri ambao tuliuchonga mapema kwa furaha, na ndiyo maana hatukuwaza. Andikeni kipengele hicho. Andikeni pia namna ya kumwondoa kiongozi, maana katiba nyingi zinajua kumweka tu.

Mkitaka kumiliki ofisi, kiwanja au mkusanyo wa vinyago kwa jina la chama, mtahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Bila hao, mali ya chama itakuwa kwa jina la mwenyekiti, na mwenyekiti ana watoto.

Ada ni kiasi gani na inalipwa lini?

Mwanachama kamili shilingi 30,000 kwa mwaka, mshiriki 15,000, mwanafunzi 5,000. Fundi aliyevuka miaka sitini halipi. Kiasi si tatizo. Tatizo lilikuwa tarehe.

Mwanzo tulinakili utaratibu wa vyama vya mijini: ada ilipwe kati ya Januari na Machi, mwaka ukianza. Tukangoja. Januari ni ada za shule na sare. Machi mvua imekaza na watu wa uwandani wako shambani. Mwaka wa kwanza mhazini alizunguka na kitabu cha stakabadhi hadi kikachakaa jalada kabla hakijaisha kurasa. Kisha mama mmoja wa Tandahimba, mwanachama mshiriki, akatuuliza kwenye kikao, "Nyie mnadai lini watu wa huku madeni?" Kicheko kikaenea, kwa sababu kila mtu alijua jibu. Madeni ya huku yanadaiwa korosho zikishauzwa. Minada inaanza kushika kasi Oktoba, fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi vya ushirika, na hapo hata mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi ana mikorosho yake kumi nyuma ya nyumba.

Tukabadilisha. Mwaka wetu wa ada unaishia Desemba 31, na kumbusho linatoka wiki ya mnada wa pili wa chama kikuu cha ushirika cha eneo husika, si siku moja kwa wote. Walio Lindi mjini na Kilwa, ambao wengi wanaishi kwa mshahara, samaki au ufuta, wanaruhusiwa kugawa mara mbili. Ufuta unauzwa katikati ya mwaka, nao una minada yake.

Asiyelipa miaka miwili mfululizo anaondolewa kwenye daftari la wanachama baada ya kuandikiwa barua. Hatusomi majina ya wadaiwa mkutanoni. Tulifanya hivyo mara moja, na mtu mzima akaaibika mbele ya mkwewe.

Fedha anashika nani?

Akaunti ya benki, saini mbili kati ya tatu, na mhazini asiwe ndugu wala mkwe wa mwenyekiti. Malipo kwa simu yanaingia kwenye namba ya chama, kamwe si namba ya katibu. Nimeombwa mara nyingi, "Nitumie tu wewe, utaifikisha." Sitaki. Hesabu zinakaguliwa na mtu wa nje kabla ya mkutano mkuu, na kila mwaka tunapeleka taarifa na ada kwa Msajili. Chama kikikaa kimya miaka mitatu, siku mkihitaji barua mtajikuta hampo.

Mkutano mkuu unafanyika wapi? Kwa nini kila mara Mtwara?

Si kweli kwamba ni kila mara, ila nakubali malalamiko yana mzizi. Tunazungusha: Mtwara, Lindi, Kilwa, kisha mji mmoja wa uwandani. Mtwara hadi Lindi ni kilomita mia moja na kidogo, unaweza kwenda na kurudi. Mtu wa Liwale habari yake ni nyingine kabisa, na kwa sababu hiyo wa Liwale wanarudishiwa nauli kabla ya wengine wote.

Wakati ni mwisho wa Agosti. Barabara ni kavu, kazi ya kupulizia mikorosho salfa inaelekea ukingoni, korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi. Mwaka 2024 tulikuwa na kikao kidogo mwezi Mei, tukamwalika mtoa mada kutoka Dar es Salaam. Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika kule Somanga, na mtoa mada akasomewa mada yake na mimi, kwa sauti yangu hii. Tangu hapo hakuna kikao cha maana msimu wa mvua.

Akidi ni theluthi moja ya wanachama kamili. Isipotimia tunakunywa chai, tunazungumza, hatuamui chochote.

Chama kinafanya kazi gani hasa kati ya mkutano na mkutano?

Daftari. Tuna mihadhara ya robo mwaka, tuna darasa la walimu, lakini mtu akiniuliza kwa nini chama kisife kesho nitamwonyesha daftari la mafundi.

Ingia makumbusho yoyote kubwa ya Ulaya yenye vitu vya Kusini, soma kibandiko: Wamakonde, Tanzania au Msumbiji, mbao. Basi. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule wa Leipzig, alipita huku, akafika Masasi na Newala, akaondoka na vinyago na vitu vingi, akarekodi na nyimbo kwa santuri za nta. Vitu hivyo vilichongwa na watu waliokuwa na majina, wake na wajomba. Kabila liliandikwa. Mchongaji hakuandikwa.

Msifikiri ni mambo ya wakoloni tu. Miaka michache iliyopita alikuja mtafiti, hapa sitamtaja, akakaa na mafundi wetu watatu siku nne, akala nao, akawapiga picha. Kitabu kilipotoka kilikuwa kizuri, karatasi nene. Chini ya picha ya kila mmoja: "mchongaji wa Kimakonde". Mmoja wao aliniuliza, "Sasa mimi na huyu wa ukurasa wa pili, tofauti yetu ni nini?"

Linganisheni na mchongaji na mchoraji George Lilanga. Alizaliwa Wilaya ya Masasi mwaka 1934, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam, akafariki mwaka 2005, na leo kazi yake inatajwa kwa jina lake popote ilipo. Au Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, yaani vinyago vya mapepo, miaka ya 1950: jina limebaki kwa sababu watu waliendelea kulisimulia hadi likaandikwa. Wangapi waliochonga nyuma ya kibanda hichohicho hawakusimuliwa?

Daftari linaandikwa nini?

Jina kamili la fundi na jina analoitwa kijijini, maana mara nyingi ndilo linalojulikana. Kijiji, na kama wazazi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, walitoka wapi. Alifundishwa na nani: mjomba, baba, jirani. Amefundisha nani. Anachonga nini, mti gani. Zana zake, na picha ya alama ya tezo au patasi yake kwenye mti mbichi. Alama anayoweka chini ya kitako kama anaweka. Tarehe, jina la aliyeandika, na saini au dole la fundi kukubali.

Hizo ni taarifa za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hatuwezi kuziacha zikizagaa. Namba za simu za mafundi haziko kwenye nakala inayosomwa na kila mtu, na anayetaka kuagiza kazi kwa fundi anapitia kwa katibu.

Daftari linatunzwa wapi?

Sehemu tatu, Mtwara, Lindi na Newala, moja kati ya hizo ikiwa nakala ya kompyuta. Jibu hili tulilinunua ghali. Daftari la kwanza kabisa, lenye mahojiano ya wazee wawili ambao sasa ni marehemu, lilikuwa ndani ya boksi, boksi sakafuni, chumba cha stoo, masika. Nililifungua Juni. Jalada lilikuwa zima. Ndani mchwa walikuwa wamekula njia yao vizuri kabisa, wakaacha pambizo.

Vitu vya jando na unyago tuviandikeje? Vingine havitakiwi kuonwa.

Katiba inasema: hakuna kitu cha jando au unyago kinachopigwa picha, kuchorwa wala kuelezwa hadharani bila ruhusa ya wenye shughuli. Swali gumu ni nani mwenye shughuli. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo unahesabiwa kikeni, kwa hiyo baba wa nyumba anaweza kukukaribisha, akakupa kiti na maji, na bado ruhusa isiwe yake. Mtafute mjomba. Kwa mambo ya unyago watafute makungwi, na kama wewe ni mwanamume mtume mwanachama mwanamke, wewe kaa barazani.

Mfano ni vinyago vya kuvaa kichwani, midimu kwa upande wetu wa Ruvuma, mapiko kwa upande wa Msumbiji. Kile kilichobandikwa nywele za mtu na chale za nta usoni hakikuchongwa kiwekwe kabatini. Kilichongwa kicheze, na anayecheza ndani yake asijulikane. Ukiandika jina la mchezaji umevunja kitu ambacho hukukijenga. Kwa hiyo kwenye daftari tunaandika mchongaji, akikubali, lakini mchezaji kamwe.

Wapo wanachama vijana wanaosema usiri huu utafanya elimu ipotee. Hoja yao ina uzito. Tumekubaliana kuwa na bahasha zilizofungwa, zenye maandishi juu ya nani anaweza kuzifungua na baada ya miaka mingapi. Mpaka sasa ziko chache, na mimi mwenyewe sijui zina nini.

Kinyago cha Wamakonde kilichorudishwa kutoka Uswisi, chama kilihusika?

Hapana, hatukuwepo. Lakini tunakifundisha kila mwaka. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam iliibiwa mwaka 1984, na kinyago kimoja kikaja kununuliwa mwaka uliofuata na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mtafiti Enrico Castelli ndiye aliyekitambua. Mazungumzo yakaenda miaka mingi, mpaka Mei 2010 kikakabidhiwa kwa Tanzania, Paris, kupitia ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho.

Tazameni kilichosaidia. Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 tangu 1977, lakini Uswisi iliuridhia mwaka 2003, miaka mingi baada ya ununuzi, kwa hiyo sheria peke yake haikutosha. Iliwezekana kudai kwa sababu kitu kilikuwa kimeandikishwa kabla hakijaibwa. Kinyago kilichotoka nyumbani kwa mtu Kitangari bila picha wala maandishi, hata ukikikuta dukani Brussels, utamwambia nini mwenye duka?

Wengi huuliza pia mifupa ya mjusi (dinosaria) wa Tendaguru iliyoko Berlin, iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913. Hiyo si sanaa, jamani. Inatuuma kama wengine, lakini si fani yetu.

Nina kinyago cha babu. Kina thamani gani?

Hatupangi bei. Mwanachama akipanga bei kwa jina la chama anasimamishwa, kwa sababu kesho barua yake itakuwa dukani imewekwa fremu.

Tutakachokufanyia ni kukutazamia ni mti gani na, tukiweza, mkono wa nani. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba unazama kwenye ndoo ya maji, na pembeni mara nyingi fundi huacha ukanda wa rangi ya maziwa yaliyochacha, ile sehemu ya nje ya mti. Mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu hujulikana ukikwangua kwa ukucha sehemu ya ndani ya kitako, ambako brashi haikufika. Na harufu. Mpake mafuta ujuavyo, Kiwi ni Kiwi.

Ila msidharau mti mweupe. Vinyago vya kucheza vilichongwa kwa mti mwepesi, maana mtu huvivaa. Kinyago cha kuvaa cha mpingo mzito ndicho cha kutilia shaka.

Naweza kununua mlango wa zamani wa Mikindani nikauhifadhi kwangu?

Kabla hujatoa shilingi, nenda Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na pia milango na fremu za nakshi zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940. Kuuza au kusafirisha kitu kama hicho kunataka kibali. Hata kwa nia njema. Mlango ukishang'olewa ukutani, naona nusu ya historia yake imebaki kwenye ukuta.

Picha za vinyago ni mali ya nani?

Picha ni ya aliyepiga, kazi ni ya fundi. Haki ya fundi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuuliza. Kwa kazi ya mtu aliyefariki hivi karibuni tunapata ridhaa ya familia kwa maandishi, watoto na wapwa kwa pamoja. Wakibishana wao kwa wao, tunasubiri.

Mimi ni mtafiti kutoka nje ya nchi. Mnaweza kunipa kibali?

Hatutoi vibali. Kibali cha utafiti ni cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha unaripoti mkoani, wilayani, na kwa mtendaji wa kijiji. Chama kinaweza kukupa barua ya utambulisho na mwenyeji, kwa sharti moja: kila fundi utakayempiga picha utaandika jina lake kama atakavyotaka liandikwe, na nakala ya kazi yako itarudi kijijini. Mmoja alitusihi tumwondolee sharti la pili kwa kuwa kitabu ni ghali. Tukamwambia alete nakala ya kuchapisha ofisini.

Mna uhusiano na vyama vya nje?

Wanachama mmojammoja wanao. CIHA ni kamati ya kimataifa ya historia ya sanaa; Marekani kuna CAA, iliyoanza mwaka 1911; kwa sanaa za Afrika kuna ACASA. Ada zao kwa kipimo cha mshahara wa mwalimu ni kubwa, kwa hiyo ukitaka kujiunga ulizia kwanza kama kuna punguzo. Tulichoiga kwao ni kuhakikisha kila makala inasomwa na watu wawili wasiomjua mwandishi kabla ya kusomwa mkutanoni. Huku Kusini kutomjua mwandishi ni kazi, kwa hiyo zingine tunazituma Dar es Salaam.

Natoka Tunduru, ni Mkoa wa Ruvuma. Naruhusiwa?

Karibu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru. Tukikukataa tutajibu nini?

Mwanachama akikosea anafanywaje?

Anaitwa na kamati ya maadili ya watu watatu, anasikilizwa, anaonywa, anasimamishwa au anafutwa. Makosa matatu hayana onyo: kuuza kitu kilichoibwa au kusaidia kukiuza, kughushi umri wa kitu, na kuchapisha ya jandoni au unyagoni bila ruhusa.

Nianzie wapi nikitaka kujiunga?

Fika kwa mwakilishi wa wilaya yako au mtafute mwanachama yeyote akuunganishe na katibu. Fomu ni ukurasa mmoja. Jaza kwa kalamu ya wino, ambatisha picha moja ya pasipoti na mfano wa kazi yako. Sehemu ya mwisho inataka jina kamili la fundi mmoja wa kijijini kwenu, aliye hai au marehemu, na nani alimfundisha. Fomu zinazokuja na sehemu hiyo tupu nazirudisha.